Mkaguzi wa Mizizi wa Lango la Letloepe

Moliehi Phakoe alipopangiwa kazi Letloepe, mkuu wake mjini Maseru alimwambia angekaa huko miezi sita. Mwaka wa nne ulimkuta palepale. Maofisa wa uhamiaji walibadilishwa kila baada ya miezi mitatu, polisi walipokezana kwa zamu, hata mbwa wa forodha alipandishwa gari siku moja akahamishiwa lango kubwa zaidi. Mkaguzi wa mimea alikuwa mmoja tu kwa milima yote ya upande ule, na hakukuwa na wa kumpokea.

Lango lenyewe lilikuwa boriti iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, ofisi mbili za bati na bendera iliyochanwa na upepo, pale njia inapovuka ukingo wa mlima kabla ya kuteremka kwenda Afrika Kusini. Magari yalipita manne kwa siku, yakizidi sana sita. Wengine wote walikuwa watu wa punda na farasi, wamejifunga mablanketi yao, wanakwenda kuuza sufu au kununua unga.

Moliehi hakuwa mtu wa milimani. Kwao ni Mafeteng, nchi ya makorongo, na mojawapo lilikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Kila mvua kubwa ililamba hatua mbili tatu za shamba. Baba alipanga mawe kulizuia, mvua ikaja ikayabeba, akapanga tena. Siku Moliehi alipomaliza shule ya msingi, shamba lililolisha watu tisa lilikuwa limebaki kama zizi la ng'ombe. Kwa hiyo alipofika chuo cha kilimo na mwalimu akasimama ubaoni kueleza mmomonyoko wa udongo, yeye aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikia ugomvi wa nyumbani kwao ukisimuliwa hadharani.

Kilichompeleka Letloepe ni mmea uitwao khoara, wenye majani ya rangi ya majivu na maua madogo mekundu yanayokaribia weusi. Mzizi wake ni mwekundu kama nyama. Wasotho wanauchemsha tangu zamani kwa kifua na kuhara. Halafu Wazungu wa Ulaya nao wakaupenda, wakawa wanatengenezea watoto wao dawa ya kikohozi, na wanunuzi wakaja na mizani mpaka upande wa pili wa lango. Katika vipupwe vitatu miteremko ilifukuliwa utadhani nguruwe wamepita. Ndipo serikali ikaweka sheria: hakuna mzizi kuvuka bila kibali, na vibali vimesimamishwa mpaka milima ipumzike. Sheria hiyo, kwa watu wa Letloepe, ilikuwa na sura ya Moliehi mwenye bambo mkononi, kile chuma chembamba cha kuchomea magunia.

Si ajabu basi kwamba hakuwa na rafiki. Wanakijiji walimpa salamu fupi ya kupita. Dukani aliuzwa alichotaka, akarudishiwa chenji, basi. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Quthing aliyetaka kumwoa, lakini mazungumzo ya mahari yanahitaji mtu wa kuzungumza naye, na simu Letloepe ilishika ukiwa umesimama juu ya mwamba mmoja tu. Mwaka wa pili mwalimu alituma ujumbe kwamba amepata wa karibu.

Mtu wake alikuwa jirani, 'M'e 'Mathabang, yaani Mama 'Mathabang, mjane aliyeuza maandazi langoni. Mwanawe Thabang alikuwa upande wa pili, akikamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu mmoja, na wajukuu wakiwa huko huko. Nyumba ya mjane na ya Moliehi ziligawana ukuta. Kila jioni, ugali ukiiva, 'Mathabang aligonga ukuta huo kwa mwiko mara mbili, na Moliehi akaenda na kiti chake.

"Unajua shida yako ni jina," mama huyo alimwambia siku moja, akimchotea mboga. Moliehi kwa Kisotho ni aliyechelewa. "Ulichelewa kuzaliwa, umechelewa kuolewa. Hata chumvi unachelewa kuomba, mpaka ugali umekwisha."

"Niliogopa utasema nina ulimi wa mjini."

"Unao. Mafeteng ni mjini siku hizi?"

Baada ya kula, 'Mathabang aliomba. Moliehi alishazoea mpangilio wa maombi yale: kwanza mvua, kisha marehemu mume, kisha Thabang na watoto wake, na baada yao, "huyu mtoto wa watu uliyemleta ukutani kwangu."

Mwezi wa tano, baridi ya kwanza ilipoanza kuuma, 'Mathabang alifika langoni asubuhi na punda wa kuazima na magunia mawili. Mbele yake walikuwapo wanaume watatu wa farasi. Nyuma yake, wanawake wa unga.

"Umebeba nini, 'M'e?" Moliehi aliuliza, maana alipaswa kumuuliza kila mtu.

"Si unaona? Sufu. Ile chafu ya tumboni, wananunua ya kujazia magodoro."

"Tangu lini una kondoo?"

"Tangu ulipoanza kuniuliza."

Wanaume wakatabasamu. Wote walikuwa wanatazama kama mkaguzi atampendelea anayemlisha. Bambo liliingia laini, halafu likagota. Sufu haigotishi chuma. Moliehi akalichomoa, likatoka na unga mwekundu kwenye ncha.

'Mathabang alimsogelea. "Ni ya kikohozi cha wajukuu," alisema taratibu, sauti ya mtu anayeomba mlango ufungwe.

Na mlango ulikuwapo, hatua tano tu. Moliehi angeweza kumwita ndani. Badala yake, labda kwa kuwa alitazamwa, labda kwa hasira ya kuona kwamba hata huyu anamdanganya, alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni:

"Magunia mawili, 'M'e? Hao wajukuu wanakohoa kwa zamu au kwa kwaya?"

Watu waliangua kicheko. Mwanamume mmoja alijishika kwenye shingo ya farasi wake asianguke. 'Mathabang alisimama mikono imening'inia wakati magunia yakishushwa, kisha akamgeuza punda na kurudi alikotoka. Moliehi hakumwandikia faini, alimwandikia onyo tu, akadhani hilo litamtetea.

Jioni ile ukuta haukugongwa. Wala kesho yake. Siku ya tatu Moliehi alibisha hodi akiwa na pakiti ya sukari, akajibiwa kutoka ndani, "Sukari ninayo." Siku ya tano alisikia, kupitia bati, maombi yakianza: mvua, marehemu, Thabang na watoto wake. Halafu amina.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Theluji ilifunga njia siku kumi na moja. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wameteremka mapema, na polisi aliyebaki alishinda kambini kwake amelala. Kila asubuhi Moliehi aliwasha redio ya kazi kutoa taarifa Maseru.

"Letloepe. Hakuna gari."

"Sawa."

Siku ya saba alijaribu kuongeza maneno. "Letloepe. Hakuna gari. Theluji inafika magotini, na jana nimeona tai wawili wamekaa juu ya boriti."

Redio ilikwaruza. "Sawa," ilisema.

Alichoma samadi kavu jikoni, akala ugali na maziwa ya unga, akasikiliza jirani yake akikwangua sufuria. Alijifunza kumjua kwa sauti kuliko alivyomjua kwa macho: mguu wa kushoto unaburuta kidogo, kikohozi huja akilala chali. Usiku mmoja kikohozi kilizidi, Moliehi akasimama karibu na ukuta, kiganja kwenye bati lililoganda. Kikakoma chenyewe.

Kitu kimoja tu kilimtoa nje kwa hiari. Jumapili, njia ikipitika, alipanda mteremko ulio nyuma ya lango kukagua sehemu tano alizoziwekea alama za mawe meupe. Hakutumwa na mtu. Alitaka kujua kama mlima kweli unapumzika, kwa hiyo alihesabu miche ya khoara na kuandika kwenye daftari la shule. Mwaka wa kwanza kulikuwa na mia mbili na sita. Sasa ilikuwa imefika mia tatu arobaini, mingi yao midogo, majani kama kucha ya mtoto. Ukitaka mzizi wa maana, ni kusubiri miaka saba au minane.

Mwezi wa tisa alisikia habari dukani, kabla barua haijamfikia. Vibali vimerudi. Kampuni moja ya kununua mizizi imekubaliana na wizara, na chifu ameshaita mkutano. Khoara itachimbwa bonde la Tsekong, ambako hakujawahi kuguswa, mizizi iliyokomaa peke yake, na kichwa cha mmea kirudishwe ardhini na shimo lifukiwe. Kwenye karatasi ilikuwa sheria nzuri, na Moliehi aliposoma barua yake hatimaye, aliisoma mara mbili kwa furaha.

Ila Tsekong ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, na mnunuzi alikuwa na haraka. Jumapili iliyofuata Moliehi alipanda mteremko wake akakuta mashimo. Mawe meupe yalikuwa yamepinduliwa, mengine yamekwenda kukalia udongo chini kabisa. Alizunguka sehemu zote tano. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akaandika tarehe. Kalamu ikakaa juu ya karatasi muda mrefu, na mwisho akaandika: 9.

Jumanne lori likaja. Dereva wake, Ranko, alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa kutoka ng'ambo.

"Ausi, karatasi zimekamilika," alisema, akimwita dada kwa heshima ya Kisotho. "Tazama mihuri, mitatu, imepangwa kama watu wa picha ya harusi."

"Mihuri nimeiona. Shusha gunia moja."

"Moja tu? Hilo la juu hapa..."

"La katikati."

Ranko alishusha huku akihema. Mizizi iliyomwagika ilikuwa myembamba kama penseli, na mingine ilikuwa bado na vichwa vyake, majani yamenyauka. Udongo wa Tsekong ni mweusi. Huu ulikuwa mwekundu, una changarawe, na Moliehi alikuwa nao kwenye viatu vyake.

Alipanda mwamba wa simu, akampigia mkuu wake.

"Kibali kinasemaje?" mkuu aliuliza.

"Tsekong, mizizi iliyokomaa."

"Basi tatizo ni nini?"

"Lori linasema kingine, ntate," alijibu, akimwita baba kwa heshima.

"Moliehi, kazi yako ni kusoma kibali."

"Nimekisoma. Ndiyo maana nimelizuia."

"Usifanye lolote. Nitakupigia." Na simu ikakatika, kama kawaida ya mwamba ule.

Lori lilikaa siku mbili. Wanakijiji walikuja kulitazama, mwanzoni wachache, kisha wengi. Mnunuzi alikuwa ameahidi safari sita kabla ya mvua. Akirudishiwa hii ya kwanza hatakuja tena, na kila mtu alilijua hilo.

"Huyu ni wa Mafeteng!" alipaza sauti mwanamume mmoja aliyekuwa ameegemea boriti. "Kwao wameshamaliza udongo, sasa kaja kutulindia wa kwetu!"

"Muulizeni baba yake alilindiwa na nani!" mwingine alidakia.

Moliehi aliendelea kuandika.

Siku ya pili adhuhuri watu walipisha njia, na 'Mathabang akaja mbele. Ilikuwa miezi minne tangu waangaliane usoni. Alikuwa amepungua.

"Ausi Moliehi," alisema. Zamani alimwita mwanangu.

Moliehi alisimama haraka. "Ingia ndani, 'M'e. Tafadhali." Safari hii aliufunga mlango, akamvutia kiti, yeye akabaki wima. "Siku ile ya magunia, kwanza nataka kusema... ule utani wangu mbele za watu..."

"Nimekuja kwa ajili ya lori. Sikuja kwa ajili ya utani."

"Nisamehe lakini."

'Mathabang alitazama dirishani. "Watu wamenituma kwa kuwa wanadhani unanisikia. Liachie lori, lipite."

"Mizizi hii mmechimba wapi?"

"Unapajua, kwa nini unaniuliza?"

"Vichwa mlirudisha?"

"Tuliambiwa tukimbie, mtu wa mizani ana haraka. Nani atafukia shimo anaambiwa akimbie?" Aligeuka. Macho yalikuwa makavu. "Hebu nielimishe, wewe uliyesoma. Nilipochimba mimi kwa mikono hii, magunia mawili, nilikuwa mwizi, nikachekwa na watoto wa watu. Leo wamechukua mlima mzima kwenye lori, na hiyo ni biashara. Tofauti yake ni mhuri?"

"Ni mhuri tu, 'M'e. Ndiyo maana silipitishi."

"Unalizuia kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mteremko."

"Nilijua." Mama huyo alijiinua kwa kushika meza. "Mteremko una bahati. Umepata mtu."

Alitoka, na watu waliona usoni mwake kwamba alichotumwa hakukipata.

Siku ya tatu gari la wizara lilifika kutoka Maseru. Alishuka kijana nadhifu mwenye koti la suti na mhuri wake mwenyewe mfukoni. Hakugomba. Alimsikiliza Moliehi mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa pale inapostahili.

"Umefanya kazi nzuri sana, mama," alisema. "Sasa pumzika."

Akapiga mhuri juu ya boneti ya gari, maana ofisini hakutaka kuingia. Boriti ikapanda. Wanawake wakapiga vigelegele, Ranko akapiga honi mpaka lori likapotea konani. Moliehi alikuwa ameandika taarifa ya kurasa nne, na hesabu zote za daftari, na mizizi kumi ndani ya mfuko wa sukari. Alimkabidhi kijana yule, ambaye aliisukuma chini ya kiti cha gari, pamoja na viatu vyake vya matope.

Malori mengine matano yalipita kabla ya mvua. Moliehi aliandika kwenye kila karatasi, chini ya sahihi yake, "Mizizi haijakomaa," na hakuna aliyemuuliza.

Mambo yalikuja kugeuka mwezi wa pili. Ulaya walipima mizigo ile wakakuta mizizi michanga haina nguvu ya dawa, wakaikataa zaidi ya nusu. Kampuni ikafunga virago. Wizara nayo, kwa hofu ya kupoteza soko lote, ikafunga uchimbaji katika wilaya nzima kwa miaka mitano, Tsekong ikiwemo, ambako hakuna jembe lililopita. Barua ilisomwa kwa chifu. Ndani yake mlikuwa na hesabu: mia mbili na sita, mia tatu arobaini, tisa. Kuna mtu mahali fulani alikuwa ameufungua mfuko wa sukari. Jina la Moliehi halikutajwa, ila Letloepe hawakuhitaji kutajiwa.

"Alituandika," walisema. Tangu hapo hata ile salamu fupi iliisha.

'Mathabang aliondoka mwezi wa tatu. Maandazi hayakuwa na wanunuzi, na Thabang alikuwa amepata chumba cha pili shambani kwa bwana wake. Alipita langoni na godoro, sufuria tatu na sanduku, vyote juu ya punda yule yule wa kuazima. Hapakuwa na foleni.

"Una mmea wowote, 'M'e? Mbegu, mizizi, matunda?" Moliehi aliuliza.

"Sina."

Bambo lilikuwa limeegemea ukuta. Halikuguswa. Moliehi aligonga mhuri kwenye karatasi ya ukaguzi, akampa kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompa mkubwa. 'Mathabang aliipokea, akaitia kifuani ndani ya blanketi, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Umekonda," alisema. "Uwe unakula."

"Nenda salama, 'M'e."

"Baki salama."

Njia ya kuteremka ina kona nyingi, na kwa hiyo mtu huonekana na kupotea mara kadhaa. Moliehi alisimama mpaka ya mwisho.

Mkuu wake alimpigia wiki ile kumwambia kuna nafasi mjini, ofisi yenye umeme, kama anaitaka. Alisema atafikiri, na kweli alifikiri, siku nne. Kisha alipanda mwamba akajibu kwamba apewe mpaka kipupwe kijacho. Hakutoa sababu, na mkuu hakuiuliza.

Jumapili alichukua jembe dogo na ndoo. Wachimbaji waliokimbizwa huacha vingi: vichwa vilivyotupwa kando, vipande vya mizizi vilivyokatikia ndani ya mashimo, na mvua ilikuwa imevifanya baadhi vichipue. Alianzia juu. Alichukua kila kilichokuwa hai, akakirudisha shimoni, akafukia, akakandamiza kwa kiganja, akaweka jiwe upande maji yanakotokea.

Mwanamke wa kijiji cha mbali, mzigo wa nyasi kichwani, alikuwa anakatisha mlimani. Alisimama.

"Unazika nini, ausi?"

"Siziki. Napanda."

"Mlimani? Bila uzio?"

"Khoara."

"Lakini hiyo si huota yenyewe?"

"Huota. Ila imechoka kidogo."

Mwanamke alifikiri. "Na itakomaa lini?"

"Miaka saba. Minane."

"Yo!" Alicheka, mkono mmoja ukiwa umeshikilia nyasi zisianguke. Hakikuwa kicheko kibaya. "Wakati huo watakuwa wameshakuhamisha."

"Huenda."

"Haya. Kazi njema." Akasawazisha mzigo wake, akashika njia yake ya kuzunguka mwamba.

Moliehi alitamani amuulize jina, anatoka kwa nani, nyasi zile ni za paa la nani. Aliponyanyua kichwa, yule mwanamke alikuwa ameshafika mbali mno kuitwa. Akahamisha ndoo, akapiga goti kwenye shimo lililofuata.